Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji: namna ya kuuandaa ukasimama

Mipango mingi ya matumizi ya ardhi ya vijiji vya Tanzania hufia mahali palepale: kwenye mpaka ambao kijiji jirani hakikuuridhia, kwenye malisho yaliyotengwa bila kuhesabu ng'ombe, na kwenye mkutano mkuu ambao muhtasari wake hauonyeshi nani alikuwepo. Ramani yenye rangi nzuri hubaki imetundikwa ofisini huku mashamba yakiendelea kufunguliwa ndani ya eneo lililochorwa msitu. Mwongozo huu ni kwa halmashauri ya kijiji, mtendaji na wanakijiji wanaotaka mpango utakaoheshimiwa hata baada ya timu ya wilaya kupanda gari na kuondoka.

Madaraka yenu yanatoka wapi

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini. Mdhamini anatunza mali ya wenzake. Ndiyo maana halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 nayo inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Afisa wa wilaya ni mtaalamu wenu, lakini uamuzi ni wa kijiji.

Jambo moja huchanganywa mara nyingi. Sheria ya vijiji inagawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya pamoja, ardhi inayomilikiwa na mtu, familia au kikundi, na ardhi ya akiba kwa ugawaji wa baadaye. Hayo ni mafungu ya haki: ardhi ni ya nani. Kilimo, malisho, makazi na msitu ni matumizi: ardhi inafanyiwa nini. Kila eneo kwenye mpango linahitaji majibu yote mawili. Ukiandika "kilimo, hekta 700" bila kusema kwamba hekta 300 kati ya hizo ni za akiba, vijana wataambiwa ardhi imekwisha wakati ipo, au mwekezaji ataonyeshwa hekta hizo kama ardhi tupu. Orodhesheni ardhi ya pamoja kwenye rejista yake, eneo kwa eneo, na iridhiwe na mkutano mkuu.

Kabla ya kuwaita wataalamu

Mtendaji wa kijiji anamwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ya wilaya akiomba timu ya upangaji, na anaambatanisha muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia kazi ianze. Timu kamili huwa na afisa mipango ya ardhi, mpima, afisa ardhi, na watu wa kilimo, mifugo, misitu, maji na maendeleo ya jamii. Akikosekana wa mifugo katika kijiji chenye mifugo, ahirisheni. Gharama ya kurudia mpango ni kubwa kuliko ya kusubiri wiki mbili.

Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi imeigawa kazi hii katika hatua 6: maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi kijijini, mipaka na ramani ya hali halisi, upangaji wenyewe, utoaji wa hati, na mwisho usimamizi wa kina wa kila eneo. Vijiji vingi huishia hatua ya 4 kwa sababu fedha zimekwisha. Ulizeni mapema fedha iliyopo inafika hatua gani. Kama haifiki mwisho, afadhali kupunguza idadi ya siku za semina kuliko kukosa alama za mipaka na mabango.

Wakati wa kusubiri, kusanyeni vitu hivi: cheti cha ardhi ya kijiji kama kipo, ramani yoyote ya zamani, idadi ya kaya kwa kila kitongoji, idadi ya mifugo kwa aina, na Matangazo ya Serikali yanayotaja hifadhi au msitu wowote unaopakana nanyi. Hili la mwisho lina uzito. Eneo lililotangazwa kuwa hifadhi ni ardhi ya hifadhi, hata kama babu zenu walilima humo. Mkiliweka ndani ya mpango, wilaya itaukataa mpango wote. Angalieni pia kama kijiji kiligawanywa baada ya cheti kutolewa. Cheti kikisoma kijiji mama na nyinyi mmekuwa kijiji kipya, suala hilo linamalizwa na wilaya kwanza, ndipo upimaji uanze.

Mipaka: hapa ndipo pa kutumia siku nyingi

Kwa kila kijiji mnachopakana nacho, andikeni barua ya mwaliko angalau wiki mbili kabla. Kutoka kila upande waje mwenyekiti, mtendaji, wazee wawili au watatu wanaoukumbuka mpaka, na, hawa ndio husahauliwa, watu wenye mashamba yanayogusa mstari pamoja na wafugaji wanaovuka. Mtembee kwa miguu. Mpaka uliokubaliwa mezani kwa kunyoosha kidole kwenye picha ya setilaiti hugeuka ugomvi siku mtu wa kwanza anapokata mti.

Kwa GPS, kifaa kinachoonyesha kwa namba mahali kilipo, chukueni nukta kila mpaka unapokata kona, na pale unapovuka mto, barabara au njia ya mifugo. GPS ya mkononi, kwenye eneo la wazi, hukosea kwa mita 3 hadi 5. Chini ya miti mikubwa hukosea zaidi, kwa hiyo simameni dakika chache hadi namba zitulie. Andikeni kwenye daftari namba ya nukta, majira ya nukta (namba hizo za mahali ilipo), na maelezo ambayo mtu asiye na kifaa anaweza kuyafuata: "mbuyu mkubwa, hatua 40 kusini mwa kisima cha zamani".

Kuna kosa moja la kitaalamu linalostahili kuulizwa na kila mwenyekiti. Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa majira uitwao Arc 1960, na GPS nyingi zimewekwa mfumo wa WGS84. Nukta za mfumo mmoja zikichorwa juu ya ramani ya mfumo mwingine bila kubadilishwa, mpaka unahama takriban mita 300. Hapo ndipo shule ya kijiji chenu inaposomeka iko kwa jirani. Muulizeni mpima: "Umetumia mfumo gani, na kanda ya ngapi?" Tanzania iko ndani ya kanda za ramani za UTM namba 35, 36 na 37 kusini, na vijiji vilivyo karibu na longitudo 36 mashariki vinaweza kuangukia kwenye mbili. Mfumo na kanda viandikwe kwenye ramani yenyewe.

Mkishakubaliana, fomu ya makubaliano ya mpaka isainiwe siku hiyohiyo na pande zote, nakala moja kila kijiji, moja wilayani. Alama zifuate haraka: nguzo za zege zenye nondo katikati, zilizofukiwa vya kutosha zisiwe mawe ya kunolea mapanga, na rangi kwenye miti mikubwa kati ya nguzo moja na nyingine.

Jirani akikataa kipande, msikichore kimyakimya upande wenu. Saini sehemu mliyokubaliana, kipande chenye mgogoro kiandikwe hivyo kwenye ramani, na suala lipelekwe wilayani kwa usuluhishi. Na jiulizeni kama kinachogombewa ni ardhi au ni matumizi yake. Mara nyingi kijiji jirani hakitaki kuchukua bonde lenu; kinataka ng'ombe wake waendelee kunywa humo kiangazi. Kwa hali hiyo sheria inaruhusu makubaliano ya matumizi ya pamoja kati ya vijiji. Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vya wilaya ya Kiteto vilifanya hivyo: vilitenga malisho yanayovuka mipaka yao, wakayapa jina la OLENGAPA, na kila kijiji kikabaki na mipaka yake.

Hesabu kabla ya kuchora

Ramani ichorwe baada ya kujua kila matumizi yanahitaji hekta ngapi. Mpango wa kijiji kwa kawaida ni wa miaka 10, kwa hiyo mnahesabu mahitaji ya mwaka wa mwisho. Tuchukue kijiji cha mfano chenye hekta 4,500 na kaya 480.

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 idadi ya watu nchini iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo kaya 480 zinafika 658 baada ya miaka 10. Kama kila kaya inalima ekari 6, zinahitajika ekari 3,948, sawa na hekta 1,598. Kaya mpya 178 zikipewa nusu ekari ya makazi kila moja, ni ekari 89, hekta 36. Makazi yaliyopo tuseme ni hekta 120. Msitu na vyanzo vya maji, hekta 900.

Mifugo inataka hesabu yake. Huwezi kujumlisha mbuzi na ng'ombe. Wageuzeni kuwa uniti ya mifugo, ambayo ni mnyama wa kilo 250. Ng'ombe mmoja ni 0.7, punda 0.5, mbuzi au kondoo 0.1. Ng'ombe 1,200, mbuzi na kondoo 1,500 na punda 20 ni 840 + 150 + 10, jumla uniti 1,000. Uniti moja hula asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, kilo 6.25 za malisho makavu, takriban kilo 2,281 kwa mwaka.

Upande wa nyasi, pimeni wenyewe. Mwishoni mwa mvua, tengenezeni fremu ya mti ya mita 1 kwa mita 1, itupeni sehemu 10 au zaidi za eneo la malisho, pabaya na pazuri, kateni nyasi zote ndani yake, zianikeni zikauke kabisa, zipimeni. Wastani wa gramu 200 maana yake kilo 2,000 kwa hekta. Nusu iachwe ardhini ili mizizi iishi na udongo usiondoke na maji. Inayobaki ni kilo 1,000 kwa hekta, kwa hiyo uniti 1,000 zinahitaji hekta 2,281.

Sasa jumlisheni: 1,598 + 36 + 120 + 900 + 2,281 ni hekta 4,935. Kijiji kina 4,500. Zimepungua 435.

Hapa ndipo mpango wa kweli unapoanza, na hapa ndipo timu yenye haraka huchora tu malisho madogo na kuondoka. Anayepunguziwa huwa ni mfugaji, kwa kuwa nyasi hazina nyumba wala mkorosho wa kuonyesha kwamba ardhi inatumika. Miaka miwili baadaye ng'ombe wako shambani na watu wameumizana. Tafuteni suluhu mezani. Mifugo ikilishwa mabua mashambani miezi 3 baada ya mavuno, malisho ya asili yanabeba miezi 9 tu, hekta 1,711 badala ya 2,281. Zimeokolewa 570 na jumla inatosha, na 135 zinabaki akiba. Lakini hakikini: kwa siku 90 mifugo ile inahitaji kilo 562,500, ambazo zikigawanywa kwa hekta 1,598 ni kilo 352 za mabua yanayolika kila hekta. Mahindi hutoa zaidi ya hapo, ufuta haufai. Kijiji kinachohamia kwenye ufuta kimepunguza malisho yake hata kama hakuna aliyegusa nyanda. Na wakulima lazima waridhie tarehe ya mifugo kuingia na ya kutoka.

Mifugo ya msimu nayo ihesabiwe. Kama kila mwaka makundi ya nje hukaa miezi minne, ongezeni theluthi moja ya uniti zao. Kuwaacha nje ya hesabu hakuwazuii kuja.

Kuchora

Anzeni na maeneo ambayo sheria imekwisha kuyafunga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mto wa kilomita 8 unaopita katikati ya kijiji unachukua mita 60 kila upande, hekta 96, na bustani nyingi za mboga zimo humo. Semeni hilo wazi mapema. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Msiweke viwanja hapo.

Kisha wekeni vitu visivyohamishika: visima, josho, lambo, madini ya chumvi ambayo ng'ombe hulamba, makaburi, maeneo ya matambiko, shoroba za wanyamapori. Ndipo njia za mifugo zinazounganisha malisho na maji. Njia iandikwe upana wake kwa mita kwenye ramani na kwenye sheria ndogo, na ipandwe alama pande zote mbili. Njia isiyo na upana hubanwa tuta moja kila msimu hadi ng'ombe wapite kwa mstari mmoja, kisha wasipite kabisa. Malisho yasiyofikika maji hayatumiki, kwa hiyo msiyahesabu.

Baada ya mistari mikuu, pitieni eneo moja moja na daftari: ni kaya zipi zinakaa au zinalima ndani ya eneo linalobadilishwa matumizi? Andikeni majina yote, ukubwa wa shamba, na wapi zitapata ardhi mbadala, na muwaonyeshe kabla ya mkutano mkuu. Kaya 14 zilizosahauliwa ndani ya malisho mapya zinatosha kuuzuia mpango kwa miaka, na zitakuwa na haki.

Mkutano mkuu na muhtasari wake

Fanyeni kwanza mikutano ya vitongoji, kila kimoja na ramani iliyochorwa chini kwa mawe na matawi au kwenye karatasi kubwa. Wanawake wakutane pia peke yao, saa ambayo hawako kisimani wala jikoni: wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi na maji hukauka mwezi gani. Wafugaji wafuateni mnadani au joshoni. Mkutano mkuu ukifanyika wakati mifugo iko mbali kiangazi, mmepitisha mpango bila nusu ya watumiaji wa ardhi.

Siku ya mkutano mkuu, hesabuni akidi kabla ya kufungua. Muhtasari uonyeshe tarehe, mahali, idadi ya wanaume na wanawake, kila eneo na hekta zake, hoja zilizopingwa na majibu yake, na kura. Ambatanisheni orodha ya mahudhurio yenye sahihi au dole gumba kwa kila jina. Mwenyekiti na mtendaji wasaini kila ukurasa, muhuri upigwe. Muhtasari wa nusu ukurasa unaosema "wajumbe waliridhia kwa kauli moja" hautawasaidia mbele ya baraza lolote.

Mpango unakwenda kwenye halmashauri ya wilaya na kisha Tume. Nakala kamili, pamoja na ramani na majira ya nukta zote, ibaki kijijini.

Sheria ndogo

Mpango peke yake haumtozi mtu faini. Halmashauri ya kijiji inaandika sheria ndogo, mkutano mkuu unazijadili, halmashauri ya wilaya inaziidhinisha, ndipo zinakuwa na nguvu. Kutoza kabla ya idhini ya wilaya ni kosa, na aliyetozwa anaweza kudai fedha yake. Kila katazo liseme eneo kwa jina la ramani, kitendo, adhabu, nani anakamata, nani anasikiliza, na fedha inaingia mfuko gani. "Ni marufuku kuharibu mazingira" haitekelezeki. "Ni marufuku kulima ndani ya mita 60 za mto" hutekelezeka kwa kamba yenye vipimo.

Kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi iwe na wanawake kwa idadi inayolingana au kukaribia ya wanaume, na wawakilishi wa wakulima na wafugaji. Izungukie mipaka kila baada ya mavuno, kwa maana hapo ndipo mashamba mapya hufunguliwa.

Hati miliki za kimila

Mpango ukipitishwa, anzeni na hati za kimila, yaani zinazotolewa na kijiji, za ardhi ya pamoja. Hii ni rai yetu na tunaishikilia: mkianza na mashamba ya watu binafsi, kila anayepimiwa husogeza mpaka wake kidogo kuelekea malisho, na malisho ndiyo hulipa. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, walipata hati ya pamoja mwaka 2011, na mfano huo umefuatwa na jamii za wafugaji kaskazini.

Kwa mashamba binafsi, majirani wa pande zote wawepo wakati wa kupima na wasaini. Jina la mke liandikwe pamoja na la mume, picha zote mbili zibandikwe. Sheria inakataza kumbagua mwanamke katika maombi, na halmashauri ya kijiji inatakiwa kuamua ombi ndani ya siku 90. Masijala ya ardhi ya kijiji iwe na chumba kinachofungwa, kabati la chuma na rejista. Hati isiyoandikwa kwenye rejista ya kijiji inakuwa ngumu kuitetea mmiliki akifariki.

Mgogoro ukitokea

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, kati yao wanawake wasiopungua 3, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nendeni na mpango, muhtasari wenye mahudhurio, fomu ya mpaka iliyosainiwa na jirani, na orodha ya nukta. Kama mlalamikaji ni kaya iliyoko kwenye daftari lenu la ardhi mbadala, pelekeni na daftari hilo.